Usiuze hisa zako kabla ya saini mbili benki

Ndugu yangu, unauliza kama uuze hisa wakati huu bei inashuka ili uingie ubia wa kukamua alizeti Kibaigwa na shemeji yako, na unauliza pia mashine ipi ni nzuri. Katikati ya maelezo yako umeandika kwamba jina la biashara limeshasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, mkataba utafuata baadaye. Hapo ndipo moyo wangu ulipolipuka, kwa maana maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2018.

Tulikuwa wawili, tukikamua alizeti Kizota, Dodoma. Mwenzangu alijua mashine, mimi nilitoa fedha. Mtu tuliyemlipa kwa ushauri alituambia kwamba jina likishasajiliwa, deni la biashara halimfuati mtu nyumbani kwake. Alitudanganya, na sijamsamehe mpaka leo. Kusajili jina la biashara si kuunda kampuni. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kila mbia ni wakala wa mwenzake, hivyo akikopa kwa ajili ya biashara mnadaiwa wote, hata nyumba yako inaweza kuguswa.

Kosa lililoniumiza kuliko yote ni kumwachia asaini peke yake benki, kwa kuwa mimi nilikuwa mtumishi wa ofisini na nilifika kiwandani jioni tu. Msimu wa mavuno alichukua alizeti kwa mali kauli kutoka Kongwa na Mpwapwa, akauza mafuta, akatoa fedha zote kwenye akaunti akazipeleka kwenye shughuli zake nyingine. Nilikuja kujua siku mpeleka wito wa mahakama aliponikuta mlangoni nikipima gunia la mashudu ambayo bado yalikuwa na joto. Jina langu lilikuwa limeandikwa kama mdaiwa wa pili. Nilimpigia mwenzangu simu palepale, haikupatikana.

Zilifuata kesi tatu: mbili za waliotudai, moja niliyomfungulia yeye. Ili nimlipe wakili na niwatulize wadai, niliuza hisa za benki nilizokusanya kwa miaka tisa. Bei ilikuwa chini ya ile niliyonunulia, na kwa sababu wanunuzi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hawakuwa wengi, ilibidi nishushe zaidi ndipo zikaondoka. Kushuka kwa bei ningekuvumilia, maana baadaye ilipanda tena. Kilichonimaliza ni kulazimika kuuza wakati ule.

Kwa hiyo usiuze hata hisa moja kabla akaunti ya biashara haijawekewa masharti ya saini mbili, na kabla wakili hajaandika nani anaruhusiwa kukopa na kwa kiasi gani. Shemeji akisema humwamini, mjibu kwamba saini hiyo inamlinda na yeye pia. Nendeni benki pamoja kesho, mjaze fomu ya watia saini, na nakala uondoke nayo wewe.