Mwanangu, uliza umri wake kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza mtu anayetaka kujifunza Wicca, ile dini ya kisasa ya uchawi iliyotoka Uingereza, aanzie wapi: asome nini, anunue nini, atafute kikundi au ajifunze peke yake. Najua umeniuliza mimi kwa sababu ya miaka yangu ya maktaba. Kisha pembeni, kwa wino mwingine, ukaongeza: "Mama, usinihukumu." Haya. Nitakujibu, ila nitaanza na lile ambalo hukuuliza: umwamini nani akufundishe.

Unanijua. Jambo lolote la imani mimi huliuliza umri kwanza. Kaka yako hunitania kwamba hata malaika akitokea nitamdai cheti cha kuzaliwa, na acha atanie. Wicca si ya kale kama utakavyoambiwa na wengi. Ilijitokeza hadharani Uingereza miaka ya 1950. Sheria yao ya uchawi ya 1735 ilifutwa 1951, na mwaka 1954 mstaafu mmoja wa forodha aliyeishi sana Malaya, Gerald Gardner, akachapisha Witchcraft Today. Alidai kuwa mwaka 1939 aliingizwa katika kikundi cha eneo la New Forest, mabaki ya dini ya kale iliyojificha karne na karne. Wazo hilo la dini iliyojificha lilikuwa limeenezwa na Margaret Murray, mtaalamu wa Misri ya kale, na wanahistoria wa leo wamelikataa. Kwa hiyo kabla hujagusa kitabu chochote cha mishumaa, soma The Triumph of the Moon cha Ronald Hutton, cha 1999. Ni kinene, wala hakina haraka na mtu.

Lakini hapo hapo najibishana mwenyewe. Umri ni nini? Hakuna dini ambayo haikuwa changa siku moja, na bibi yako alisali sala alizotunga mwenyewe jikoni, hatukumwuliza zimeandikwa wapi. Basi tuseme hivi: kuwa kipya si kosa. Kinachonitia shaka ni kipya kinachojipaka mvi.

Ndiyo maana katika habari hii yote niliyempenda ni Doreen Valiente. Gardner alimwingiza mwaka 1953. Wana daftari la ibada waliitalo Kitabu cha Vivuli, ambalo kwa desturi anayeingizwa hulinakili kwa mkono wake. Doreen, msomaji mkubwa, akaona humo vipande vya Aleister Crowley, Mwingereza mwandishi wa mambo ya uchawi, akamwambia Gardner waziwazi. Kwa maelezo ya Doreen mwenyewe, Gardner alimjibu kwamba kama anaweza kuandika vizuri zaidi, aandike. Akaandika. Sehemu kubwa ya maneno ya ibada yanayopendwa hadi leo imepita mikononi mwake.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Umewahi kunisikia nikitaja lile kundi la mafundisho la Jumamosi, kabla sijaolewa, lakini kisa chenyewe sijakusimulia. Mwalimu wetu alikuwa na daftari lenye jalada la kitambaa cha kijani. Alikuwa akitusomea humo maneno aliyosema yameshuka kwake kutoka kwa wazee wa kale mno, na sisi tulikuwa tukilia kweli kweli. Siku moja akasoma kifungu, nikakitambua. Kilikuwa kwenye kitabu changu cha kusoma cha shule, neno kwa neno, mpaka na mkato wake. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa adabu kabisa kama si kile kile. Alifunga daftari, kidole kikiwa bado ndani kwenye ukurasa ule, akatabasamu, akawaambia wenzangu waniombee. Aliyeketi karibu nami akavuta sketi yake isigusane na yangu. Unamjua huyo. Ndiye aliyekushonea nguo ya mahafali, tumezikana na kuozana, na jambo hilo hatujalitaja hata leo. Yeye labda amelisahau. Mimi nikiona kitambaa cha kijani cha namna ile, bado uso hunichoma.

Kwa hiyo mwanangu, mpime mwalimu kwa swali moja la umri. Akikupa kalamu, kaa. Akiwaambia wengine wakuombee, chukua viatu vyako.

Usidhani Gardner namfanya mtakatifu. Mwaka 1957 Doreen na wenzake walimtaka apunguze kujitangaza magazetini. Akawatolea "sheria za kale" ambazo hawakuwa wamewahi kuziona, mojawapo ikitaka kuhani wa kike ampishe aliye kijana zaidi yake. Doreen akaondoka. Hapo niligonga meza, baba yako akaja kuuliza kuna nini.

Sasa maswali yako. Kikundi chao, koveni, huwa na ngazi tatu, na vingi humsubirisha mgeni mwaka mmoja na siku moja kabla ya kumwingiza. Subira hiyo naipenda. Katika njia ya Gardner kuingizwa hakulipiwi, hivyo anayetaja bei mapema ameshajieleza. Utasikia pia kwamba baadhi yao hufanya ibada bila nguo. Huo ni utaratibu wao, nimeusoma, lakini anayekuharakisha uvue hakufundishi chochote. Wasio na kikundi wamekuwa wengi, hasa baada ya Scott Cunningham, Mmarekani, kuwaandikia wanaojifunza peke yao mwaka 1988. Lugha yake ni nyepesi. Msome baada ya Hutton, si kabla.

Kununua, usinunue. Watakuonyesha kisu chenye mpini mweusi, athame, ambacho kwa desturi hakikati kitu. Ni cha kuchora duara la ibada hewani. Chumvi, maji na mshumaa unavyo. Nunua daftari, uandike mwezi unavyokua na kupungua, maana mwezi mpevu una ibada zake. Sikukuu zao kubwa ni nane kwa mwaka, toka Samhain mwishoni mwa Oktoba, na zimefuata majira ya Ulaya: jua linarudi, mbegu inachipua, mavuno. Wafuasi wengi walio kusini mwa dunia huzigeuza kwa miezi sita. Hilo nalo lilinifurahisha. Nilitaka kujua kama wana ujasiri wa kuchungulia dirishani.

Wana na wosia mfupi: usipomdhuru yeyote, fanya utakalo. Mara ya kwanza niliuona ni ruhusa ya watoto waliochoka kukatazwa. Kisha nikajaribu kutafuta tendo moja la wiki yangu lisilomdhuru yeyote, nami mwenyewe nikiwamo, nikaacha kucheka.

Umesema nisihukumu. Sihukumu. Ningeweza, na nina maneno tayari, mengine mazuri sana, lakini nimeyazuia, na ujue haikuwa rahisi. Nitasema tu kwamba ningefurahi zaidi kama ungeniambia unachokitafuta huko, kwa sababu barua yako imejaa "vipi" na haina "kwa nini" hata moja. Hilo si hukumu. Au ni hukumu kidogo.

Baba yako sijamwambia. Akiuliza, nitasema unasoma historia ya Uingereza, na kama utanitii kuhusu Hutton sitakuwa nimesema uongo. Na mishumaa, mwanangu, usiiwashe karibu na pazia.

Mama yako