Maswali ya Wasomaji: Kabla ya kukubali swichi mpya ya kipakizi

SWALI: Timu yetu inatunza nakala yake ya glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C, kwa vifaa vya Linux. Mwenzetu amependekeza kigeu kipya cha mazingira, LD_NJIA_KWANZA, ili kipakizi (kinachoingiza maktaba kwenye kumbukumbu programu inapoanza) kitafute maktaba kwenye folda tunazotaja kabla ya kuangalia RPATH, orodha ya folda iliyoandikwa ndani ya faili ya programu. Nimepewa kiraka chake, yaani mabadiliko ya msimbo, nikikague. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye shida yenyewe, msimbo utausoma baadaye. Kipakizi hutafuta kwa mpangilio huu: RPATH (endapo faili haina RUNPATH, mrithi wake), LD_LIBRARY_PATH (kigeu chenye folda za mtumiaji), RUNPATH, /etc/ld.so.cache (orodha ya maktaba iliyoandaliwa mapema), halafu folda za mfumo kama /lib na /usr/lib. Kwa hiyo hoja ya mwenzako ina mashiko kwa faili zenye RPATH tu. Zikague kwa readelf -d, amri inayoonyesha maelezo yaliyomo kwenye faili. Ukiikuta RPATH, patchelf, zana ya kuhariri faili hizo, kwa --set-rpath huandika RUNPATH badala yake, na LD_LIBRARY_PATH itatangulia bila kipakizi kuguswa. Ila RUNPATH huhudumia maktaba ambazo faili hiyo imezitaja yenyewe; RPATH ilihudumia hata zile zinazohitajiwa na maktaba hizo. Ndiyo sababu programu iliyokuwa nzima hugoma ghafla ikidai haioni maktaba iliyomo folda ileile. Endesha kwa LD_DEBUG=libs uone ilipotafuta.

Kama haja bado ipo, kikatae kigeu na udai swichi ya amri:

/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --njia-kwanza /opt/jaribio ./programu

Kigeu hurithiwa na kila programu inayoanzishwa na ile ya kwanza, mpaka shell na vikorokoro vyake. Swichi huishia kwenye programu moja. glibc yenyewe iliongeza swichi ya --preload, ya kutanguliza maktaba, katika toleo la 2.30, mwaka 2019, ilhali LD_PRELOAD, kigeu cha kazi hiyohiyo, ilikuwapo miaka mingi.

Kuna pia programu za setuid, zinazoendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili, mara nyingi root, msimamizi mkuu wa mfumo. Zikikisoma kigeu hicho, mtumiaji yeyote ataingiza maktaba yake na kupata mamlaka ya root. Mwenzako akishikilia kigeu, lazima kipuuzwe katika hali ya usalama (inayotumika kwa programu hizo) na jina lake liingie kwenye orodha ya unsecvars.h ili kifutwe kisizifikie programu zinazoanzishwa nazo. Swichi haina mzigo huo: kipakizi kikiitwa kwa jina, keneli huendesha faili ya kipakizi, na alama ya setuid ya programu haitumiki.

Sasa soma msimbo unaochambua thamani, tena kwa jicho kali. Udhaifu CVE-2023-4911, uliotangazwa Oktoba 2023, ulikuwa hapohapo: tangu toleo la 2.34, GLIBC_TUNABLES, kigeu cha kurekebisha mipangilio ya glibc, yenye umbo la a=a=b ilifurika bafa (nafasi ya kumbukumbu iliyotengwa) na kumpa mtumiaji wa kawaida root. Jaribu thamani tupu, ndefu kupita kiasi, iliyorudiwa mara mbili, na yenye nukta pacha mbili mfululizo. Katika LD_LIBRARY_PATH nafasi tupu humaanisha folda uliyomo, tabia mbaya ambayo haifai kurithiwa na swichi mpya.

Jaribio linalosahaulika ni la staki, eneo la kumbukumbu ambamo programu hukuta hoja za amri (maneno yanayofuata jina lake). Kipakizi huondoa hoja zake kabla ya kuikabidhi programu zilizobaki, na x86-64 hutaka anwani ya staki igawanyike kwa 16 programu inapoanza. Swichi na thamani yake ni hoja mbili. Ongeza --inhibit-cache, ambayo ni moja, ili upime idadi shufwa na witiri.

SWALI: Programu yetu hutafuta faili zake kupitia /proc/self/exe, kiungo kinachoelekeza kwa faili inayoendeshwa. Tukiiendesha kupitia kipakizi, inapotea. Je, --argv0 itatusaidia?

JIBU: Hapana. Hapo /proc/self/exe huelekeza kwa kipakizi, na --argv0, iliyokuja na toleo la 2.33, hubadilisha argv[0] tu, yaani jina ambalo programu imeitiwa. Inazifaa programu kama BusyBox, zinazochagua kazi kwa jina zililoitiwa. Nyinyi tumieni patchelf --set-interpreter kuandika njia ya kipakizi chenu ndani ya programu, kisha muiendeshe moja kwa moja.