Swali la lugha: Kompyuta "ijifungue", "iingie yenyewe" au "imwingize mtumiaji"?

Msomaji anayeandaa mwongozo wa kompyuta kwa wafanyakazi wenzake anauliza jinsi ya kueleza mpangilio unaomfikisha mtumiaji kwenye akaunti yake mara tu mashine inapowaka, bila kuandika nywila. Katika rasimu yake ametumia "kompyuta ijifungue yenyewe", na mhariri wake amependekeza "ijiingize".

Ninashauri yote mawili yaachwe. Kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake, lakini vitenzi vingi vinavyokibeba vimekwisha kupata maana zao mahususi: kujifungua ni kuzaa, na kujiingiza ni kushiriki jambo bila kualikwa, kama anavyosemwa mtu aliyejiingiza katika ugomvi wa majirani. "Kompyuta iingie yenyewe" ni sahihi kisarufi, kwa kuwa "yenyewe" inapatana na ngeli ya kompyuta, ila humwacha msomaji akijiuliza inaingia wapi, ilhali tumezoea kusema kwamba mtu ndiye anayeingia katika akaunti. Hapo ndipo kauli ya kusababisha inapofaa: mtumiaji huingia, kompyuta humwingiza. Sentensi ninayoipendelea ni hii: "Kompyuta ikiwashwa, itamwingiza mtumiaji katika akaunti yake bila kumdai nywila." Katika kichwa cha sehemu, ambapo ufupi unahitajika, "Kuingia kiotomatiki" kunatosha. "Moja kwa moja" singeitumia hapo, kwani hueleweka pia kuwa ni bila kupitia mahali pengine.

Kosa zito zaidi katika rasimu ni maneno "kuondoa nywila", kwa sababu yanapotosha ukweli wenyewe. Katika Windows, mtu hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, huandika netplwiz (amri inayofungua dirisha la akaunti za watumiaji), huondoa tiki katika kisanduku kinachowataka watumiaji waweke jina na nywila, kisha huthibitisha kwa kuiandika nywila ile ile mara mbili. Nywila haijafutwa, imehifadhiwa ndani ya mashine ili itumike kwa niaba ya mwenyewe, na akifunga skrini au akitoka katika akaunti, kwa kawaida atadaiwa tena. Basi iandikwe "kuacha kudai nywila kompyuta inapowashwa". (Kisanduku hicho hakionekani katika baadhi ya kompyuta za Windows 10 na 11 hadi sharti la kuingia kwa Windows Hello pekee (yaani kwa PIN, uso au alama ya kidole) lizimwe, na mwongozo unaotaja hatua hiyo utamwokoa msomaji muda mwingi.)

Tofautisha pia "inapowashwa" na "inapojiwasha". La pili linafaa tu pale mashine iliyopangiwa saa inapowaka bila kuguswa na mtu, na huo ni mpangilio mwingine kabisa. Vilevile usiandike "itafungua akaunti", maana wengi wataelewa kwamba akaunti mpya inaanzishwa, kama ile ya benki.

Katika sehemu ya tahadhari, badilisha mtenda. Mashine haimtambui aliyeketi mbele yake, kwa hiyo "mtumiaji" hapo ni neno pungufu, andika waziwazi: "Yeyote atakayeiwasha kompyuta hii ataingia katika akaunti yako na kuona mafaili yako." Sentensi hiyo itangulie maelezo ya hatua, hasa kama wafanyakazi hao hutumia kompyuta za mkononi wanazotoka nazo ofisini.