Kigoda cha babu msikipige vanishi

*Kigoda cha babu kimepasuka tangu nikitoe kijijini na kukileta mjini Dodoma. Seremala anasema atakipiga msasa na vanishi kiwe kipya. Nimkubalie?* – Msomaji, Nkuhungu

Usimkubalie. Ule weusi unaong'aa katikati ni miaka ya watu kukikalia, na msasa utaufuta kwa nusu saa. Babu alikiweka ndani ya tembe, penye ubaridi wa udongo. Wewe umekiweka chini ya bati, kiangazi hiki kikavu, mti ukakauka ghafla. Kiondoe penye joto na jua. Ufa mwembamba uache kama ulivyo. Ufa unaotishia mguu utiwe gundi ya mbao na kubanwa kwa kamba mpaka ukauke. Msumari hapana, utapasua zaidi. Mwisho pakaa nta ya nyuki kidogo, usugue kwa kitambaa. Warina asali wa Manyoni wanayo. Na usikiweke kwenye udongo mtupu, mchwa wa huku hawajui urithi.

*Marehemu baba aliacha ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole. Vyuma vina kutu na ule mvumo wake umepotea. Nimeshauriwa ninunue vyuma vipya.* – Msomaji, Chamwino

Aliyekushauri hajawahi kuipiga. Kagua kwanza vitundu vya kwenye kasha. Wapigaji wa Kigogo huviziba kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, na utando huo ndio unaotetema na kutoa mvumo. Ukichanika, vyuma vitalia lakini vikavu. Tafuta utando mwingine kwenye kuta za udongo, ubandike. Msikilize kwenye rekodi Hukwe Zawose, mpiga ilimba Mgogo aliyefariki mwaka 2003, upate kujua mvumo wenyewe unavyotakiwa kuwa.

Kutu isugue taratibu kwa stilwaya laini, bila maji. Usisogeze chuma hata kimoja: urefu kilichoachiwa ndio sauti yake, na sauti hizo alizipanga baba yako kwa sikio lake. Ikibidi kuving'oa, rekodi kwanza kila kimoja kwa simu, uweke na alama ya penseli mahali kilipobanwa.

*Picha ya harusi ya wazazi imegandana na kioo cha fremu.* – Msomaji, Kondoa

Usiivute, utabaki na nyuso nusu. Futa kioo, ipige picha hapo hapo ilipo, kivulini, kisha uchapishe nakala. Mwambie kijana wa studio aondoe madoa tu. Nimeona bibi wa watu akirudishwa na mashavu ya mwari. Halafu mpigie shangazi leo hii akutajie waliosimama nyuma ya maharusi, uyaandike majina kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya fremu.

*Babu alikuwa mtemi, ametuachia ngozi ya chui. Inanyonyoka manyoya, tuitengenezeje?* – Msomaji, Bahi

Ndugu yangu, manyoya ni tatizo dogo. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hiyo ni nyara ya Serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Kusema mmeirithi hakutoshi. Msimpelekee fundi ngozi, wala msiirushe picha yake kwenye kundi la ukoo. Mzee mmoja wa familia aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mikono mitupu, aeleze ilivyowafikia na kuuliza utaratibu wa kibali.