Babu Mkubwa Hakusilimu: Nimfute Kwenye Nasaba?

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe. Naishi Kaloleni, Kisumu. Babu mzaa baba alisilimu Mumias mikononi mwa mfanyabiashara wa Kiarabu. Waliomtangulia walikuwa Wawanga, Waluhya wa huko Mumias, wa dini ya kale. Nimekusanya majina yao hadi kizazi cha tano. Sasa nimeposwa na watu wa pwani, na ami yangu ataka niwafute hao "makafiri", nimwandike Mwarabu yule kuwa ndiye aliyemzaa babu, eti alikuwa baba yake wa dini. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam, binti yangu. Usifute hata jina moja.

Nimekereka, si nawe, bali na mchezo huu wa kuokota mababu ambao kila mara huvishwa kilemba cha dini. Zayd bin Haritha alilelewa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, watu wakimwita Zayd bin Muhammad, hadi iliposhuka aya ya 5 ya Suratul Ahzab: waiteni kwa baba zao. Zayd akarudi kuwa bin Haritha. Basi huyo mfanyabiashara wa Mumias ni nani hata apewe kisichoruhusiwa kwa Mtume? Na katika Bukhari na Muslim imekuja kuwa anayejinasibisha na asiye baba yake, hali anajua, Pepo ni haramu kwake. Ami anakimbia dhambi aliyoibuni mwenyewe, anaangukia dhambi kubwa ya kweli.

Hilo la kutoandika jina la kafiri limetoka wapi? Umar tunamtaja mimbarini kuwa bin Khattab, na Khattab hakusilimu. Sahaba Ikrima ni bin Abi Jahl, tena Abu Jahl yule yule, adui mkubwa wa Mtume! Siku ya Hunayn, watu walipotawanyika, Mtume alijitangaza kuwa mwana wa Abdul Muttalib. Kilichokatazwa ni kuwaombea maghfira waliokufa katika shirki (At-Tawba, 113). Na waliokufa kabla misafara ya Waswahili haijafika Wanga, Allah amesema haadhibu mpaka apeleke Mtume (Al-Israa, 15). Mwachie Yeye.

Mtume ametuhimiza tujifunze nasaba ili tuunge undugu, na hapa nina neno nawe. Majina ya wafu unayo. Je, walio hai? Huenda una jamaa Matungu au Shianda, Wakatoliki au Waanglikana, ambao hujawahi kuwajulia hali. Nenda kabla ya harusi. Kaa na bibi wazee, uwaulize majina ya akina mama, maana orodha za namna hii huwaruka.

Kuhusu posa, semeni kweli kabla mahari hayajatajwa. Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga aliyefariki 1949, alisilimu akabaki mwana wa Shiundu. Wakikutajia kafaa, yaani kulingana hadhi kwa wanaooana, wajue kuwa mafakihi huitazama kwa mume, si kwa mke.

Ami ni mzee wako, usibishane naye. Kama baba yu hai, mwache yeye azungumze na nduguye.