Utafiti wa huduma za afya Kigoma: usiishie kuuliza "umeridhika?"

Mkuu mleta uzi, umesema unaandika pendekezo la utafiti kuhusu upatikanaji na ubora wa huduma za afya Kigoma. Mpango wako ni kwenda vituo vichache vya Kasulu na Uvinza, uwadake wagonjwa wakitoka, uwaulize wameridhika kwa kiwango gani kuanzia moja hadi tano, halafu uchambue. Unauliza kama inatosha. Wadau waliotangulia wamekupa fomula ya Yamane ya kupata sampuli, na kwa hilo sina ugomvi nao. Mimi nimezunguka mkoa huu nikiwa mdadisi kwenye tafiti za afya, kishikwambi mkononi na barua ya halmashauri mfukoni, na nakwambia mapema: kwa mpango huo utarudi na nne na tano tupu. Utaandika kwamba wananchi wameridhika, msimamizi atasaini, na hutakuwa umejifunza kitu.

Fikiria unamuuliza nani, na mmekaa wapi. Zahanati ya kijiji ni moja. Nesi ndiye huyo huyo aliyemzalisha mtoto wa kwanza, na ndiye atakayemzalisha wa tatu. Wewe umeletwa na mtendaji, umevaa kitambulisho shingoni, na mmekaa kwenye benchi hatua chache kutoka dirisha la dawa. Nani atakwambia huduma ni mbovu? Tena Waha ni watu wa heshima. Mgeni huamkiwa kwa kuinama kidogo na kupigiwa makofi ya taratibu, na mambo ya kulaumu hayamwagwi mbele ya mtu asiyejulikana ukoo wake.

Nikupe mfano mmoja. Mama mmoja wa mwambao, mtoto mgongoni anakohoa, yuko nje ya zahanati ambayo sitaitaja. Nikamuuliza swali la dodoso, huduma ya leo umeionaje? "Nzuri tu baba, tunashukuru." Nikabonyeza tano. Dodoso la utafiti ule, namshukuru aliyeliandika, halikuishia hapo.

"Umeondoka na dawa gani?"

Akafungua fundo la kanga, akatoa kikaratasi. Ameandikiwa amoksilini. Dirishani wamemwambia imekwisha, akanunue duka la dawa.

"Utanunua leo?"

"Baba yake akirudi ziwani."

"Mtoto alipimwa joto?"

"Hapana."

"Kuna aliyemfunua kifua akamwangalia anavyohema?"

"Aliniuliza tu anaumwa nini, akaandika."

Kwa asiye wa fani: mtoto mwenye kikohozi anatakiwa ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima. Akiwa na miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, ni 40 au zaidi. Haihitaji mashine, inataka saa na mtu wa kukaa kimya dakika moja. Mtoto yule hakuhesabiwa, dawa hakupata, na kwa sera ya nchi matibabu yake ni bure kwa kuwa yuko chini ya miaka mitano. Ila kwenye jedwali la kuridhika yule mama bado ni tano. Wala hakudanganya. Alipokelewa, hakufokewa, akaandikiwa dawa. Kwa alivyozoea yeye, hiyo ni siku njema.

Kwa hiyo uliza kilichotokea, usiulize alivyojisikia. Alikaa foleni tangu saa ngapi, alipimwa nini, aliambiwa anaumwa nini, dawa ipi aliandikiwa na ipi aliondoka nayo, alitoa shilingi ngapi na alimpa nani. Swali la kuridhika liache mwishoni kama unalipenda. Ukiliweka sambamba na hayo mengine utapata jedwali ambalo hata wakubwa wa halmashauri watakaa chini walisome.

Najua msimamizi atakudai nadharia. Mpe Donabedian, mtaalamu wa ubora wa huduma za afya, 1966: ubora uutazame kwenye miundombinu na vifaa, kwenye utendaji, na kwenye matokeo. Wanafunzi wengi hukwama kwenye la kwanza kwa sababu ndilo rahisi. Unahesabu vitanda, unapiga picha jengo jipya, umemaliza. Kasheshe iko kwenye utendaji. Chumba cha wazazi, kwa mfano, usiulize kama patografu (chati za kufuatilia maendeleo ya uchungu) zipo, maana zipo. Omba uone za akina mama waliokwisha kujifungua. Utakutana na nyingine mapigo ya moyo wa mtoto yamewekewa nukta kuanzia saa ya kwanza hadi ya mwisho kwa peni moja, mkono mmoja, mstari umenyooka kama barabara ya lami. Hiyo imejazwa mama ameshajifungua. Kisha soma kitabu cha MTUHA (rejista ya taarifa za kituo) cha wazazi, uangalie idadi ya waliopewa rufaa, na uulize waliondoka na usafiri gani. Na usimgeuze mhudumu kuwa mshtakiwa. Mara nyingi ni mtu mmoja usiku mzima, ana wazazi, ana wodi, ana mtoto aliyebanwa na pumzi pale mlangoni.

Sasa jambo ambalo pendekezo lako halina kabisa: watu ambao hawakufika. Ukihoji wanaotoka kituoni, kila mtu kwenye sampuli yako amefika, halafu unaandika kuhusu upatikanaji! Watafiti Thaddeus na Maine mwaka 1994 waligawa ucheleweshaji unaoua wajawazito katika hatua tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Hatua mbili za kwanza hazionekani getini. Uvinza ya kusini, huko Buhingu na Kalya, barabara kwa wengi ni ziwa. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku anahitaji boti, injini, petroli, mtu wa kuendesha, na upepo uliotulia. Kimoja kikikosekana, kituo chenye chumba cha upasuaji hakimsaidii. Nenda kwenye kaya, upate orodha ya waliojifungua miezi kumi na miwili iliyopita, pamoja na waliojifungulia nyumbani au kwa mkunga wa jadi. Ulizia na hela ya petroli ilitoka kwa nani.

Halafu Kasulu unayotaka kwenda siyo shamba jipya. Watafiti Margaret Kruk, Godfrey Mbaruku na wenzao walikwenda kaya kwa kaya wilayani humo, wakachapisha mfululizo wa makala kati ya 2008 na 2009. Zisome kabla hujaandika swali la kwanza. Moja ilionyesha kwamba huduma ya kujifungua iliyotangazwa kuwa bure bado iliwatoa akina mama hela mfukoni. Nyingine ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya waliojifungulia vituoni waliiruka zahanati ya karibu wakaenda mbali zaidi. Ya tatu iliwapa wanawake vituo vya kufikirika wachague, hiki kina hiki, kile kina kile. Vilivyobeba uzito mkubwa kwenye uamuzi wao ni mtoa huduma mwenye heshima, pamoja na dawa na vifaa kuwepo. Mama huyo huyo ambaye getini angekwambia "nzuri tu" anakueleza wazi anachotaka, akiulizwa kwa namna ya kumpa nafasi ya kuchagua.

Mbaruku huyo ni wa kumfuatilia kwa kina. Alikuwa daktari wa uzazi Kigoma, na mwaka 1995 yeye na mwenzake Bergström walichapisha kazi ya hospitali ya mkoa: vifo vya uzazi vilishuka kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1984 hadi 186 mwaka 1991. Hakukuwa na mfadhili aliyeshusha mashine. Waliketi wakachambua kila kifo kimesababishwa na nini, wakarekebisha kilichokuwa ndani ya uwezo wao, kuanzia utaratibu wa dawa na damu hadi nidhamu ya kazi na kusikiliza malalamiko ya wananchi. Utafiti unaoanza na swali "huyu alikosa nini?" una meno.

Kwenye utangulizi wako umeweka zile takwimu za taifa, vifo vya uzazi kushuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (2015/16) hadi 104 (2022). Ziache kama mandharinyuma tu. Ule utafiti wa kitaifa wa kaya zinakotoka (TDHS) hautoi makadirio ya vifo vya uzazi kwa kila mkoa, kwa hiyo usiandike "na hivyo Kigoma".

Mambo ya njiani kwa ufupi. Kibali cha maadili kianze mapema, kisha mkoa, halmashauri, kata, kijiji. Ruka mmoja uone. Mtendaji akutambulishe, halafu muombe kwa adabu akae mbali wakati wa mahojiano. Tafuta wadadisi wanaojua Kiha, wanawake kwa maswali ya uzazi, na wasiwe watumishi wa kituo kile. Vijiji vya jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu uviangalie kwa jicho lake, maana wenyeji nao hutibiwa kambini, na ukiwachanganya na wa vijiji vya mbali wastani utakupotosha. Masika usiende bila pikipiki. Na ukienda kiangazi peke yake, andika wazi kwamba umeiona Kigoma wakati njia zinapitika.

Kuhusu malipo, usiulize "ulilipa kiasi gani kujifungua?" Utajibiwa sifuri. Pitia kitu kimoja kimoja: glavu, pamba, wembe, uzi wa kitovu, mpira wa kulalia, dripu, sabuni, nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha aliyemsindikiza, na ile ya "asante". Weka rasimu ya sehemu hiyo hapa jukwaani, tuipitie kabla hujaipeleka kwa msimamizi.