Set up: tazama kinachofuata

Ukifanya kazi kwenye hoteli za Paje au Nungwi, Zanzibar, neno la Kiingereza set up utalisikia tangu asubuhi mpaka usiku: miavuli ya ufukweni, meza za bafe, viti vya harusi za wageni pale mchangani. Wenzangu wengi niliofanya nao kazi mkahawani walijua maana yake ni kupanga, basi. Mgeni akisema "Can you set up a trip to Jozani?" wanababaika. Msitu uko palepale na kima punju wake, kuna nini cha kupanga?

Mimi hulisoma kwa kutazama kinachofuata. Kikiwa safari au mkutano, unatakiwa uiandae: upige simu, upatane bei na saa. Kikiwa biashara, ni kuianzisha. Kikiwa simu mpya, ni kuiwekea lugha, nywila na akaunti. Meza nayo ina mtego wake. Set the table ni kupanga sahani na vijiko juu yake. Set up the table ni kuisimamisha meza yenyewe. Kwenye bafe la nje utaambiwa yote mawili, kwa hiyo tega sikio.

Akifuata mtu, ndipo pa kuchunga zaidi. "They set him up" maana yake walimtega, wakambambikia kosa. Kwenye filamu za polisi halikosekani. Lakini "She set me up with her cousin" halina kesi ndani yake. Hapo ni kazi ya mshenga, ila haina barua ya posa: watu wanakutanishwa tu, wakanywe kahawa waonane. Hiyo with msiidharau, jamani.

Kwenye sarufi, it hukaa katikati: set it up. Set up it haisemwi. Wakati uliopita nao haubadilishi kitu, set hubaki set, na ile setted ninayoisikia kila siku haipo.

Mkiandika meseji kwa meneja, kitenzi ni maneno mawili na nomino ni neno moja: "The setup is ready", lakini "We will set up at four". Na hiyo four ya mchana ni saa kumi yetu. Ukiifanya saa nne ya usiku, viti utavipanga harusi ishakwisha.